MKALIMANI NAYE NI MFANYAKAZI



Mtu akitaja mahali pa kazi, wengi wetu huona akilini kiwanda, karakana, shamba la tumbaku au ofisi yenye meza na makabati. Ni wachache wanaomwona mwanamke aliyeketi juu ya kigoda nje ya nyumba ya matofali ya udongo kambini Dzaleka, fomu ziko mapajani, kalamu mkononi, akimwuliza jirani yake maswali arobaini yaliyotungwa na mtu aliye Lilongwe au ng'ambo. Hata hivyo hapo ndipo mahali pake pa kazi. Jua lile ni la kazini, vumbi lile ni la kazini, na lolote litakalompata kwa sababu ya maswali yale litakuwa limempata kazini.

Katika toleo hili tumeona yafaa kuieleza kazi ya utafiti, kwa sababu wasomaji wengi wa sehemu hii ya Kiswahili huchukuliwa katika kazi hiyo kwa siku tatu, kwa wiki mbili au kwa mwezi, kisha huachwa. Tunakusudia kusema ni nani hasa anayeifanya, hatari zake zinatoka wapi, sheria zinasema nini, na ni mambo gani mfanyakazi na tawi lake wana haki ya kuyadai kabla gari halijaondoka.

Lilongwe ni mji wa utafiti kuliko wengi wanavyodhani. Huko Chitedze, magharibi ya mji, kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambako mbegu za mahindi na karanga hujaribiwa. Bunda kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili. Katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Chuo Kikuu cha North Carolina cha Marekani kimeshirikiana na Wizara ya Afya kwa zaidi ya miaka ishirini kuchunguza UKIMWI, malaria na maradhi mengine. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ambayo kamati zake hupitisha maombi ya utafiti, nayo imo humo humo mjini. Katika kila kituo cha namna hiyo yumo bingwa ambaye jina lake litapigwa chapa juu ya ripoti. Lakini wamo pia mwuguzi anayetoa damu, fundi wa maabara, dereva, karani anayeingiza takwimu, mlinzi wa usiku, kibarua anayenyunyiza dawa shambani, na yule anayeosha chupa. Huyu anayeosha chupa hushika kila siku vitu ambavyo bingwa hawezi kuvigusa bila glavu, naye mara nyingi ndiye wa mwisho kuelezwa mlikuwa na nini ndani yake. Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997 haikumwagiza mwajiri awalinde mabingwa. Ilimwagiza awalinde wafanyakazi.

Sasa tutoke mjini. Ukifuata barabara kuu ya kaskazini, kisha ukakata kuelekea boma la Dowa, utafika Dzaleka, mwendo wa kilomita 45 hivi tangu Lilongwe. Wazee wa Malawi wanalijua jina hilo kwa ubaya wake. Wakati wa utawala wa Dk. Kamuzu Banda palikuwa na gereza la wafungwa wa siasa, na jina lenyewe husemwa kuwa limetokana na maneno ya Kichewa yenye maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Katika zama hizo chama cha wafanyakazi chenye kauli yake mwenyewe hakikuwa na nafasi. Ndugu Chakufwa Chihana, kiongozi wa wafanyakazi, aliporudi nchini Aprili 1992 kudai siasa ya vyama vingi alikamatwa pale pale uwanja wa ndege wa Lilongwe. Miaka miwili baadaye utawala ule uliondolewa kwa kura, na mwaka huo huo wa 1994 gereza lile likawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kupokea watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengine kutoka Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia.

Mahali kama hapo huwavuta watafiti. Ni karibu na mji mkuu, mtu huenda asubuhi akarudi jioni, na kila shida ambayo angependa kuiandikia kitabu imo: uhaba wa chakula, kufiwa, kuvuka mipaka, shule zilizofurika, maradhi ya mwili na ya moyo. Lakini mtafiti mwenyewe hajui Kiswahili, wala Kinyarwanda, wala Kirundi, Kibembe, Kifuliiru au Kisomali. Basi humtafuta kijana aliyesoma, humpa jina la mkalimani au mhojaji, na tangu dakika ile ulimi wa utafiti mzima ni ulimi wa kijana huyo. Akikosea neno, ripoti imekosea. Akiogopa kuuliza swali, swali halikuulizwa.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Ziko nyua mbili zilizojengwa ili kuwalinda watu katika utafiti. Ua wa kwanza ni kamati ya maadili, ambayo huuliza: Je, anayehojiwa amekubali kwa hiari yake? Siri zake zitahifadhiwa? Hataumizwa? Ua wa pili ni sheria ya kazi, ambayo huuliza habari za mshahara, saa, likizo na fidia ya ajali. Mkalimani wa kambini husimama katika kichochoro kilicho kati ya nyua hizo. Kamati ya maadili haimwangalii sana kwa kuwa yeye siye anayehojiwa. Sheria ya kazi haimfikii kwa urahisi kwa kuwa karatasi aliyotia sahihi inamwita mtu wa kujitolea, na fedha anazopokea haziitwi mshahara bali motisha. Akiumia katika kichochoro hicho, kila mwenye ua husema huyu si wangu.

Kwa nini iitwe motisha? Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, lakini ilitangaza kwamba vifungu kadha, vikiwamo vya ajira ya mshahara na vya uhuru wa kwenda utakako, inavihesabu kuwa mapendekezo tu. Kwa hiyo mkimbizi hawezi kuingia kazini kama raia. Anahitaji kibali, na hutakiwa akae kambini. Amri hiyo ilikazwa mwaka 2023: mwezi Machi Serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na tangu Mei wengi walikamatwa, watoto wakiwamo. Uganda ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya Wakimbizi ya 2006 inaitambua haki ya mkimbizi ya kufanya kazi. Mashirika yaliyoko Malawi, yakitaka kumtumia mkimbizi bila kugombana na sheria, yakapata njia ya kumpa kitu kidogo na kukiita kwa jina jingine. Hatusemi kwamba kila anayefanya hivyo ana nia mbaya. Tunasema kwamba jina lile lina faida, na faida hiyo haimwendei mkalimani.

Lakini msomaji asiishie hapo na kukata tamaa. Katiba ya Malawi ya 1994, katika kifungu cha 31, inataja haki ya kazi yenye uadilifu na usalama na ya ujira wa haki, na pia haki ya kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi. Inapomtaja mwenye haki hizo haisemi raia. Inasema kila mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2000 nayo inakataza ubaguzi, na katika sababu inazozikataza zimo lugha, utaifa, dini, jinsia na ulemavu. Tunajua kwamba mwanasheria wa mwajiri anaweza kuleta ubishi juu ya nani anahesabiwa kuwa mwajiriwa. Na alete. Neno lililoandikwa ni kila mtu, na aliyekaa juani saa nane akiandika majibu ya watu ni mtu.

Tuzungumze juu ya hatari, kwa maana wako wanaodhani kwamba karatasi na kalamu haziui.

Tarehe 1 Oktoba 2016, watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Wawili walikuwa watafiti na mmoja dereva. Walikuwa katika kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Ukaenea uvumi kwamba ni wanyonya damu, umati ukakusanyika, na hawakurudi Arusha wakiwa hai. Hawakuja kwa ajili ya damu ya mtu. Walikuja kwa ajili ya udongo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba na Oktoba 2017, uvumi wa namna hiyo hiyo ulizuka kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Watu kadha waliuawa na makundi ya raia, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya hizo mbili.

Wenzetu wa pwani wanaijua hadithi ya mumiani tangu zama za wakoloni, na ni rahisi msomi kuicheka. Mwenye kutumwa kijijini na kisanduku cha chupa za damu hana nafasi ya kucheka. Tena hadithi hiyo haikutoka hewani tu. Watu wameona mara nyingi wageni wakija na gari, wakichukua kitu, iwe damu, udongo au maneno, wakaondoka, wala wasirudi kueleza walikichukua kwa ajili gani na kimefaa nini. Katika hali kama hiyo uvumi huziba pengo lililoachwa na mtafiti mwenyewe.

Kwa hiyo kuingia kijijini ni sehemu ya usalama kazini, kama vile kofia ngumu ilivyo kwa mjenzi. Barua yenye mhuri wa Lilongwe haitoshi kama imo mfukoni mwa msimamizi peke yake. Chifu wa eneo aijue, viongozi wa mitaa ya kambi waijue, na mkutano wa hadhara ufanyike kwa lugha ya watu wenyewe kabla ya siku ya kwanza, si katikati ya kazi. Kila mhojaji awe na nakala ya barua na kitambulisho chenye picha. Waende wawili wawili. Dereva aelezwe kazi ni ya nini, kwa sababu yeye ndiye anayebaki na gari akiulizwa maswali na vijana. Wale waliouawa Chamwino walikuwa pamoja na dereva wao. Hali ikibadilika, mfanyakazi awe na ruhusa ya kuacha na kuondoka bila kukatwa ujira. Hili la mwisho si ndoto ya Chama. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (I.L.O.), uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu kumfika, naye ana sababu ya haki ya kuamini hivyo, asiadhibiwe kwa kujiondoa. Tangu Juni 2022 I.L.O. imeuhesabu mkataba huo kuwa mmoja wa mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuiheshimu kanuni yake hata kama haijauridhia.

Kundi la watu wenye mapanga ni jambo la nadra, tushukuru. Hatari ya kila siku kambini ni nyingine, nayo haionekani kutoka dirishani mwa gari. Nitaeleza niliyoyaona mimi mwenyewe, bila kuwataja wahusika.

Miaka kadha iliyopita nilikuwa mmoja wa wakalimani katika uchunguzi juu ya ugomvi wa majumbani. Mwenzangu, mama wa watoto watatu, alipewa mtaa ule ule anakoishi, kwa hoja kwamba anawajua watu wake na hatapotea njia. Malipo yalikuwa kwa fomu iliyojaa, si kwa siku. Fomu iliyoachwa na ukurasa mtupu haikuhesabiwa. Siku ya tatu mama mmoja aliangua kilio katikati ya maswali. Mwenzangu akazifunga karatasi, akachemsha chai, akakaa naye hadi alasiri. Fomu ile haikulipwa. Usiku ule mume wa mama yule akaja mlangoni pake akiuliza, "Mke wangu amekuambia nini juu yangu?" Watafiti walikuwa wamekwisha kulala Lilongwe, na simu ya msimamizi ilikuwa imezimwa. Mwenzangu hakumjibu kitu, na kwa sababu ya kutomjibu kitu alilazimika kukihama chumba chake na kukaa kwa dada yake mwezi mzima. Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Nimeisoma. Ina sura nzima juu ya namna siri za waliohojiwa zilivyohifadhiwa, na ni kweli zilihifadhiwa. Haisemi zilihifadhiwa na nani.

Katika kisa hicho hakuna aliyekusudia ubaya. Mtaa ulichaguliwa ili kupunguza mwendo, malipo ya fomu yalichaguliwa ili kazi iende upesi, na simu ilizimwa kwa sababu watu hulala. Ndiyo maana mambo haya hayana budi kuandikwa kabla. Malipo yawe kwa siku, na siku iwe na mwisho, ili mtu asitembee gizani akitafuta fomu ya kumi. Mhojaji asipewe mtaa wake mwenyewe kwa maswali ya siri. Saa aliyoitumia kumtuliza mtu ni saa ya kazi. Na iwepo namba moja ya simu inayopokelewa usiku, na mtu anayeipokea awe na uwezo wa kufanya jambo, si kusema tu pole.

Iko pia hatari ya ndani ya mtu. Mkalimani mzuri hasemi "anasema kwamba alipigwa". Husema "nilipigwa", kwa maana ndivyo tafsiri inavyotakiwa. Kwa siku tano anasema "mimi" kwa niaba ya watu ishirini waliokimbia vita, naye mwenyewe alikimbia vita hiyo hiyo. Mtafiti akirudi mjini ana wenzake wa kuongea nao, na huenda ana daktari wa akili aliyelipiwa na chuo chake. Mkalimani hurudi nyumbani, na huko hawezi kusema aliyoyasikia kwa kuwa ni siri. Mkutano wa nusu saa kila jioni, wenye chai, ambapo wakalimani wanazungumza wao kwa wao juu ya siku ilivyokwenda pasipo kutaja majina ya waliohojiwa, haugharimu kitu kikubwa. Tumeona mahali ulipofanywa, na watu walidumu kazini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa ya yale yaliyotendeka wakati wa kupambana na Ebola mashariki ya Kongo kati ya 2018 na 2020. Ilikuta watuhumiwa zaidi ya 80, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo lenyewe. Wanawake walieleza kwamba waliahidiwa kazi kwa sharti la kulala na mwenye kuigawa kazi, na wengine waliokwisha kuajiriwa walitakiwa vivyo hivyo ili wasiachishwe. Wasomaji wetu wanaotoka Beni na Butembo hawakuhitaji tume kuwaambia. Tunataja habari hiyo kwa sababu mazingira yale yako pia mahali pengine: kazi ni chache, ni za muda, hutolewa na mtu mmoja mwenye orodha mkononi, na anayezitafuta hana mahali pengine pa kwenda.

Sheria ya Usawa wa Jinsia ya Malawi ya mwaka 2013 imefanya usumbufu wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na inataka sehemu za kazi ziwe na kanuni na utaratibu wa kuuondoa. Tume ya Haki za Binadamu ya Malawi ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia sheria hiyo, na ofisi zake kuu ziko Lilongwe. Katika dunia, Mkataba Na. 190 wa I.L.O. wa mwaka 2019 umekwenda mbali zaidi. Unawahesabu walio mafunzoni, walioachishwa, wanaotafuta kazi na hata wa kujitolea, wala haujali mkataba wa mtu umeandikwaje. Unahesabu pia safari ya kazi, mahali mtu anapolipwa na anapopumzika, na ujumbe wa simu. Tuseme wazi: yule aliyeitwa mtu wa kujitolea ili asiitwe mfanyakazi, mkataba huu umemkuta kichochoroni na kumtaja kwa jina lake. Tawi lolote linalozungumza na mwajiri wa utafiti lizitumie fasili za mkataba huo, na lidai kwamba malalamiko yapokelewe na mtu asiye wa mradi. Mwanamke hawezi kumshtaki mwenye orodha kwa mwenye orodha.

Mpaka hapa tumesema juu ya usalama. Kutobagua ni ndugu yake, kwa sababu aliyebaguliwa ndiye anayeogopa kusema pale panapovuja.

Chukua tangazo la kazi. Likiandikwa kwa Kiingereza peke yake na kutaka cheti cha sekondari cha Malawi, limekwisha kuwafungia mlango watu wengi wa Dzaleka kabla hawajakaribia. Mwalimu aliyesomesha miaka kumi Uvira ana diploma ya Kifaransa, au hana kabisa kwa kuwa iliungua pamoja na nyumba. Wako pia vijana waliosoma kambini kwa njia ya intaneti, masomo ya chuo kikuu yaliyoanzishwa na Majesuiti mwaka 2010. Mtihani mfupi wa kusoma, kuandika na kutafsiri ungemwonyesha mwajiri nani anaiweza kazi kuliko cheti chochote. Wala wasisahauliwe Wachewa wa vijiji vinavyoizunguka kambi. Wao nao huulizwa maswali, nao hunung'unika, kwa haki, kwamba magari huwapita yakielekea kwa wageni.

Tena iangaliwe kikundi chenyewe kimeundwaje. Wakalimani wote wakiwa wa lugha moja au wa kanisa moja, kazi huwa ya ukoo, na wanaohojiwa hutazama usoni mwa mwulizaji wakijiuliza ni wa upande gani katika ile vita ya kwao. Hilo ni jambo zito, na mtafiti mgeni halioni. Wakalimani huliona mara moja. Waulizwe mapema nani hafai kutumwa kwa nani, bila kulazimishwa kueleza sababu.

Mambo mengine ni madogo kwa kuyasema na makubwa kwa anayeyakosa. Mama anayenyonyesha apewe nafasi ya kunyonyesha, na siku ya mafunzo pawe na mtu wa kumshikia mtoto. Choo cha wanawake kiwe na mlango unaofungwa. Anayefunga Ramadhani apangiwe mitaa ya karibu. Mwenye kutembea kwa magongo asiambiwe kazi ni ya kutembea. Nusu ya kazi ya utafiti ni kukaa na kuandika, na kipofu mwenye sikio zuri hutafsiri sawa na mwingine. Ndugu zetu wenye ualbino wamekuwa katika hatari maalumu Malawi tangu mwishoni mwa 2014, walipoanza kushambuliwa na kuuawa kwa imani za kichawi. Nimesikia msimamizi akimkataa mmoja wao kwa kusema anamhurumia. Huruma ya namna hiyo humnyima mtu chakula. Apewe kofia pana na nguo ya mikono mirefu, atumwe na mwenzake, arudishwe kwa gari la mradi kabla ya magharibi, wala si kwa kabaza ya mtu asiyejulikana, na aulizwe yeye mwenyewe anaona nini kinamtosha.

Kuna pia suala la jina. Huko Bukavu, watafiti Wakongo walioshirikiana na vyuo vya Ubelgiji walichoka kuwa mikono isiyo na sura. Kuanzia mwaka 2019 walitoa mfululizo wa maandishi uitwao Bukavu Series, wakieleza wao wenyewe jinsi mtafiti wa kienyeji anavyohatarisha maisha yake kukusanya habari, kisha akakikuta kitabu kimetoka bila yeye. Baadhi ya wasomi wa Ulaya waliofanya kazi nao walitia mkono katika mfululizo huo, na hilo ni la kusifiwa. Tunaliunga mkono dai lao kwa tahadhari moja: wengine kambini hawataki jina lao lionekane, kwa sababu za usalama. Basi mkalimani aulizwe, na aulizwe kwa maandishi, kama anataka kutajwa, kutajwa kwa jina jingine, au kutotajwa.

Msomaji anaweza kuuliza: nani atayadai haya wakati kazi zenyewe zimekuwa adimu? Swali ni la haki. Mapema mwaka 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya na ya utafiti Malawi ilisimama ghafla, na watu waliokuwa na mishahara Ijumaa hawakuwa nayo Jumatatu. Mtu aliyeponea chupuchupu huona heri anyamaze. Ndiyo sababu tunalishauri tawi lipeleke madai yake pale utafiti unapoombewa kibali, kabla mtu yeyote hajaajiriwa, kwa maana wakati ule hakuna wa kufukuzwa. Kamati za maadili za Lilongwe huuliza mradi utawalindaje wanaohojiwa. Ombi letu ni kwamba fomu yao iongezwe swali: na wanaohoji, watalipwaje, watasafirije, nani atapokea simu usiku, nani atalipa hospitali? Mtafiti ambaye hana jibu aambiwe akalitafute. Swali kama hilo lingemgharimu mwenye kuuliza mistari minne ya karatasi.

Wakati tunalingojea hilo, kila anayeajiriwa aombe karatasi ya makubaliano kwa lugha anayoisoma, hata ikiwa ni ukurasa mmoja, na asitie sahihi kabla ya kupewa nakala. Tena anunue daftari la shule. Aandike kila jioni tarehe, saa aliyoanza na aliyomaliza, mtaa aliotumwa, nani aliyemtuma, nauli aliyojilipia, na jambo lolote la hatari lililotokea. Asiandike humo hata neno moja la aliowahoji, wala majina yao, kwa kuwa hayo si yake. Daftari la namna hiyo linakubalika kwa afisa wa kazi wa wilaya, na likifika mbele ya Mahakama ya Mahusiano ya Kazi husemea siku zile ambazo hakuna mtu mwingine aliyeziandika. Alihifadhi kwa jamaa anayemwamini, si kwenye mkoba wa mradi, maana mkoba hurudishwa siku ya mwisho pamoja na kitambulisho na kofia.